Marashi ya Mawaridi: Maana Yake na Adabu Zake

Mtu ashukaye katika pantoni pale Kivukoni, Dar es Salaam, hupokewa kwanza na harufu ya samaki. Soko lao li karibu na gati, na upepo wa bahari hauchagui nguo ya kuingia. Akielekea mjini kwa miguu atapita karibu na kanisa la Kilutheri la Azania Front na kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Akizidi kwenda upande wa machweo ya jua ataingia Kariakoo, na huko, katika mitaa iliyolizunguka soko, pua yake itapata habari nyingine. Katika maduka yauzayo kanzu, misala na tasbihi yamepangwa machupa ya mafuta ya kunukia, na muuzaji humgusa mteja mkononi kwa kijiti cha kioo, akamwambia, "Nusa kwanza, bei baadaye." Harufu zenyewe ni nyingi, wala miongoni mwao haikosi ile ya waridi, tamu kama asali.

Kwa sisi walimu na makasisi jambo hili laweza kuonekana dogo, la wanawake na la vijana. Nami nilidhani hivyo, hata siku moja ujinga wangu uliponitia aibu mbele ya jirani. Kwa hiyo nimeona yafaa kuandika juu ya marashi ya mawaridi: maneno yake, asili yake, namna ya kuyatambua, kiasi cha kujitia, na mwisho jambo lililo kubwa kuliko hayo yote, yaani maana ya marashi anayotiwa mtu na mwenzake.

1. Maneno yenyewe

Ua ni waridi, na mti wake ni mwaridi. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ua hilo huitwa ward. Neno marashi nalo ni la Kiarabu, limetoka katika shina lenye maana ya kunyunyiza. Shina lilo hilo ndilo lililotupa mrashi, yaani chombo chenye tumbo la mviringo, shingo ndefu, na kichwa chenye matundu madogo, ambacho kwacho maji ya mawaridi hunyunyiziwa watu. Rasharasha, ile mvua nyepesi isiyomkimbiza mtu barazani, ni ndugu yao. Basi kwa asili yake neno marashi halikutaja harufu. Lilitaja tendo la mkono wa mtu anyunyizaye.

Siku hizi marashi ni jina la kila kitu cha kunukia kilichomo chupani, hata kikiwa kimetoka Ufaransa wala hakikupata kukutana na waridi. Hata hivyo wazee wa pwani hupambanua. Marashi kwao ni maji yaliyotolewa katika mawaridi. Halwaridi ni mafuta yenyewe ya ua hilo, ambayo tone lake moja latosha. Uturi ni manukato kwa jumla, nalo ni neno la Kiarabu. Manukato ni neno letu la Kibantu, lililotoka katika kitendo nuka.

Na hapa pana jambo la kuwaangalisha wageni wa lugha. Kitu kilichooza chanuka, ua lanukia. Sauti moja tu imeongezwa katikati, na maana imegeuka kutoka lawama kwenda sifa. Mgeni amwambiaye mwenyeji wake, "Mama, unanuka vizuri," amekusudia heshima, lakini wasikiao watatazamana. Lakini jina manukato, ijapokuwa limetoka katika nuka, halina lawama yo yote ndani yake. Ndivyo lugha ilivyo: mzazi ana sifa mbaya, mtoto ana sifa njema.

Tuangalie na vitendo vitumikavyo. Mafuta hupakwa. Maji hunyunyizwa. Udi na ubani hufukizwa, na nguo hutandazwa juu ya moshi wake. Asumini hutungwa kwa uzi, na kikuba cha maua na majani ya kunukia huvaliwa. Manukato ya chupa za kisasa, zenye kibonyezo juu, hupulizwa. Lakini husikii mzee wa pwani akisema kwamba amevaa marashi. Kuvaa ni kwa nguo na mapambo. Marashi mtu hujitia au hutiwa, na katika kutiwa hapana budi pawe na mtu wa pili. Msomaji akumbuke neno hili, kwa maana tutalirudia.

2. Asili ya marashi

Si kila mwaridi utoao marashi. Ule usifiwao kuliko yote ni mwaridi wa Dameski, nao hulimwa katika bonde la Kazanlak nchini Bulgaria, katika wilaya za Isparta nchini Uturuki, huko Qamsar karibu na mji wa Kashan katika Uajemi, iitwayo sasa Irani, katika milima ya Taif nchini Saudia, na katika sehemu za Bara Hindi. Kwa sisi watu wa pwani ulio karibu zaidi, kwa safari na kwa udugu, ni ule wa Jebel Akhdar katika Oman, maana yake Mlima wa Kijani. Mawaridi yake huota katika matuta yaliyojengwa kwa mawe ubavuni mwa mlima, yapata mita 2,000 juu ya bahari, mahali penye baridi ya kutosha.

Majira ya kuchuma huko huanza mwisho wa Machi, hata yaingie Mei. Maua huchumwa asubuhi na mapema, kwa sababu jua likipanda huichukua harufu yake. Kisha petali hutiwa katika chungu cha udongo kilichowekwa juu ya tanuri. Ndani ya chungu huwekwa chombo kidogo cha shaba kilicho kitupu, na juu ya mdomo wa chungu huwekwa bakuli la maji baridi. Moto ukiwaka mvuke hupanda ukiichukua harufu ya ua. Ukigusa kitako cha bakuli lile la baridi hugeuka kuwa maji, nayo hudondoka tone kwa tone katika chombo cha shaba. Kazi hii ndiyo iitwayo kukeneka. Marashi yakenekwayo kwa njia hii hupata rangi ya udongo kidogo na harufu ya moshi, na waliozoea huipenda kuliko ile ya mitambo mipya.

Mafuta hupatikana kwa shida zaidi. Katika madungu makubwa ya shaba maji ya mawaridi hukenekwa tena mara ya pili, na mafuta huelea juu yake kama utando mwembamba. Mfalme Jahangir wa Bara Hindi, aliyetawala tangu mwaka 1605 hata 1627, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mama yake malkia Nur Jahan ndiye aliyeyagundua: alikuwa akitengeneza maji ya mawaridi, akaona utando umetanda juu ya vyombo yalimomiminwa yakiwa ya moto, akaukusanya kidogo kidogo. Na ni kidogo kweli. Ili kupata kilo 1 ya halwaridi yahitajiwa petali kilo 3,000 hata 5,000, zote zimechumwa kwa mkono.

Harufu ya mafuta na ya maji si moja, ijapokuwa mama yao ni mmoja. Katika ua mna vitu vingi vya kunukia vilivyochanganyika. Kimojawapo huyeyuka katika maji, nacho hubaki humo. Ndicho kiyapacho marashi ule upole wake. Vingine havipatani na maji, navyo hukusanyika katika mafuta, vikiyapa utamu wa asali na ukali kidogo kama wa pilipili manga. Kwa hiyo apendaye upole achague maji, na apendaye utamu udumuo achague mafuta.

Labda mtu atauliza, Je, sisi wenyewe hatuna mawaridi? Tunayo mengi. Kando ya ziwa Naivasha nchini Kenya, na katika mkoa wa Arusha, hulimwa mawaridi ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Lakini hayo yamechaguliwa kwa urefu wa shina na kwa kudumu siku nyingi katika chombo cha maji, na katika kuchaguliwa huko harufu imepotea kwa sehemu kubwa. Ua hilo laijaza furaha macho, na pua huinyima. Mwaridi wa Dameski nao wataka majira ya baridi ili uchanue vema, na pwani yetu haina baridi hiyo. Maua ya kunukia yaliyo yetu ni asumini, kilua, mkadi na mlangilangi. Basi marashi ya mawaridi tangu zamani yalikuwa kitu kilichovuka bahari, na kwa sababu hiyo hayakumwagwa ovyo. Aliyekurashia alikupa kitu cha mbali.

3. Kuyatambua

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na chupa nyingi za Kariakoo ni mikakasi. Mnunuzi ashike mambo matatu.

La kwanza ni bei. Msomaji amekwisha kuona ni petali ngapi zaliwa na kilo moja ya mafuta. Basi kichupa kiuzwacho kwa bei ya soda mbili hakiwezi kuwa halwaridi safi. Yaliyomo ni kazi ya wanakemia, waliojifunza kuifananiza harufu ya waridi bila ua. Mimi sioni dhambi katika hayo. Harufu zao nyingine ni nzuri, na maskini naye ana pua. Dhambi ni kumwambia mnunuzi kwamba ni ua, na kumtoza bei ya ua. Udanganyifu huu ni wa zamani. Watu walikuwa wakichanganya halwaridi na mafuta ya jeranio, au ya nyasi moja ya Bara Hindi iliyo jamaa ya mchaichai wetu, kwa kuwa harufu zao zakaribiana na ya waridi.

La pili ni baridi. Ndani ya halwaridi ya kweli mna kitu kama nta, nacho huganda mafuta yakiwekwa mahali pa baridi. Katika joto la Dar es Salaam mafuta hayo hubaki majimaji mchana wote. Yatie katika jokofu usiku mmoja, utaona yameshikana, na ukiyashika mkononi yatayeyuka tena. Lakini dalili hii peke yake haitoshi. Walaghai wa zamani waliijua, wakatia nta ya nyangumi ili mchanganyiko wao ugande vivyo hivyo.

La tatu ni saa, nalo ndilo hakimu bora. Usinuse mdomo wa chupa, maana hapo harufu zote husema pamoja, wala huwezi kusikiliza hata mmoja. Tia tone moja nyuma ya mkono, ukaendelee na shughuli zako. Mwanzo utasikia ukali, usihukumu. Baada ya nusu saa waridi litatokea wazi. Baada ya saa tatu au nne nusa tena: mafuta mema yatakuwa yamepungua kwa upole, yakiacha utamu mdogo juu ya ngozi, au harufu ya udi au sandali iliyotiwa humo ili kuyategemeza. Mabaya yatakuwa yametoweka kabisa, au yamegeuka kuwa harufu ya sukari iliyoungua. Wala usijaribu zaidi ya aina tatu au nne siku moja. Pua huchoka kama miguu, na muuzaji mjanja ajua hayo.

Neno moja la hadhari. Maji ya mawaridi hutiwa pia katika biriani, katika faluda, na katika halua za namna nyingine. Lakini maji yauzwayo kwa ajili ya nguo na mwili si yale yauzwayo kwa ajili ya chakula, ijapokuwa picha ya ua ni ile ile juu ya chupa zote mbili. Walimu wa mapishi wawafundishe wasichana kusoma maandishi kabla ya kumimina.

4. Kiasi cha kujitia

Katika nchi ya baridi harufu hulala. Katika nchi ya joto huamka na kutembea. Tone ambalo Ulaya lingebaki shingoni mwa mwenyewe, hapa kwetu mwezi wa Januari litaingia chumba cha pili. Kwa sababu hiyo halwaridi na mafuta mengine mazito yahitaji mkono mdogo: tone moja likagawanywe nyuma ya masikio mawili, au vifundo vya mikono viguswe kwa kijiti mahali mshipa upigapo. Nguo nyeupe isipakwe mafuta, kwa maana yataacha doa la manjano. Nguo ni kwa maji ya mawaridi, au kwa moshi wa udi. Chupa na iwekwe gizani, mbali na jiko na dirisha, kwa kuwa jua na joto huyachachusha mafuta.

Shida iliyo kubwa ni kwamba mwenye marashi huacha kuyasikia upesi. Pua ikizoea harufu huinyamazia, kama mkazi wa karibu na reli asivyosikia treni. Ndipo mtu hudhani yamekwisha, akaongeza. Na baada ya saa moja akaongeza tena. Yeye hasikii kitu, na darasa lote laumwa kichwa. Mwalimu asimamaye mbele ya watoto hamsini madirisha yakiwa yamefungwa kwa mvua, na kasisi ainamaye kitandani pa mgonjwa, na sisi sote tupandao daladala asubuhi, imetupasa kukumbuka kwamba wako wenye pumu, wako wajawazito ambao tumbo lao huchafuka kwa harufu, na wako waombolezaji ambao waridi huwakumbusha siku wasiyotaka kuikumbuka. Aliye jirani yako hawezi kufumba pua kama afumbavyo macho. Kipimo nilichofundishwa na mwanamke mmoja mzee ni hiki: marashi yako yasikiwe na yule akupaye mkono, yasisikiwe na yule akupitaye njiani.

5. Marashi atiwayo mgeni

Sasa narudi kwa lile neno la mtu wa pili.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimehamia mjini karibuni, jirani yangu wa Kariakoo akanialika arusi ya binti yake. Baada ya ndoa kufungwa na dua kusomwa, kijana mmoja alianza kupita safu kwa safu akichukua mrashi, na nyuma yake mwingine akichukua chetezo cha udi. Kila mtu alikinga viganja, akajipaka usoni na kifuani. Aliponifikia mimi, niliinua mkono nikakataa. Nimelelewa katika shule ya misheni, nimefundishwa tangu utoto nisishiriki ibada isiyo yangu, nami nilidhani kwamba ile ni sehemu ya dua. Kijana akasita, akamtazama babu yake, kisha akanipita. Hapana aliyeninenea neno. Pilau ililetwa, nikala pamoja nao. Lakini nilipoaga, mzee wa nyumba, ambaye alizoea kunisindikiza hata njia panda, alinipa mkono hali ameketi.

Yapata mwezi baadaye mkewe, ambaye mtaa wote ulimwita Bibi, aliniita barazani kwake. Akasema, "Mwalimu, mwanangu, siku ile ulikula pilau yetu, ukakataa maji yetu ya waridi. Mzee amefikiri umetuona tuna uchafu."

Nikamjibu, "La, Bibi, sikukusudia hivyo hata kidogo. Nilidhani ni sala."

Akacheka, akasema, "Sala ilikwisha, watu wakaitikia amina. Yale yalikuwa karibu, mgeni."

Jioni ile ile nilimwendea mzee. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," nikamweleza kosa langu. Akaitikia, "Marahaba," akanyamaza kidogo, kisha akamwagiza mjukuu wake alete mrashi. "Kinga mkono," akaniambia. Nikakinga.

Tangu hapo nilitaka kujua kama maneno ya Bibi yalikuwa ya upole tu au yana ushuhuda, nikaona yana ushuhuda wa kale sana. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu yapata mwaka 1331. Ameandika kwamba kabla hajaonana na sultani aliletewa sahani ya majani ya tambuu na popoo, kisha mtumishi akaleta chombo cha maji ya mawaridi ya Dameski, akammiminia yeye na kadhi aliyekuwa pamoja naye, ndipo akaambiwa ni wapi atakapolala. Hapo hapakuwa na sala wala arusi wala maulidi. Palikuwa na mgeni aliyetoka baharini, na mwenyeji aliyetaka ajue kwamba amepokewa. Desturi iliyofanywa katika safu zile za Kariakoo ilikuwa ni hiyo hiyo, baada ya miaka zaidi ya mia sita.

Wala Wakristo hawakuwa wageni wa jambo hili. Wayunani wa Kanisa la Orthodoksi, siku ya Ijumaa Kuu, hunyunyiziwa maji ya mawaridi na kasisi wao. Wakatoliki huchanganya balsamu ya kunukia katika mafuta ya Krisma. Na katika Injili ya Yohana, mlango wa 12, twasoma habari za Mariamu wa Bethania, aliyempaka Bwana miguu kwa marhamu ya nardo, hata nyumba nzima ikajaa harufu. Kila mtu aliyekuwamo alipata sehemu yake, hata yule aliyenung'unika. Mariamu hakujitia, alimtia mwingine.

Hata hivyo haifai kusema kwamba marashi yote ni mamoja, kwa kuwa walimu wataulizwa, nao wasijibu kwa haraka upande wo wote. Yako mambo matatu ya kupambanua. Marashi yanyunyiziwayo wageni katika arusi, na hata mwisho wa maulidi, ni heshima ya mgeni. Ayapokeaye hakukiri imani, kama vile alaye pilau hakukiri imani. Yako tena marashi ya kombe: mwalimu wa Kiislamu huandika maneno ya Kurani katika sahani kwa zafarani, huyaosha kwa maji ya mawaridi, na mgonjwa hunywa. Hilo ni jambo la dini ya wenyewe, nasi twaliheshimu kwa kukaa kando bila dhihaka. Tena yako marashi ya waganga, yanyunyizwayo katika ngoma za pepo ili pepo wapendezwe. Hapo Mkristo atajizuia, lakini azuie mkono wake kwa sababu ya pepo, asililaumu ua. Maji ni yale yale katika chupa zote tatu. Linalobadilika ni yule anayeitwa kwayo. Kwa hiyo swali la kuuliza si "Je, haya ni marashi?" bali "Haya anapewa nani, na kwa nini?" Na swali hilo laweza kuulizwa kwa adabu, kwa sauti ndogo, kabla ya kuinua mkono wa kukataa.

Hayo niliyajua kwa akili. Bibi alinifundisha kwa tendo. Miaka ilipita, mama yangu mzazi akafariki nyumbani kwangu. Bibi alikuja kabla ya jua kupanda pamoja na wanawake wengine wa mtaa, na chini ya kanga yake alikuwa na chupa ya marashi ya mawaridi. Hakuitoa. Aliniita kando ya mlango, akauliza, "Mwalimu, kwenu yaruhusiwa?"

Nilimwambia yaruhusiwa, wanawake waliomfuata Bwana nao walichukua manukato wakaenda kaburini alfajiri. Ndipo alipoingia, akampa chupa yule mwanamke wa kanisani aliyekuwa akimwosha mama, wakayachanganya na maji ya mwisho. Nilisimama nje ya dirisha, nikaisikia harufu ya arusi ile ya zamani.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Bibi alikuwa na sababu ya kutouliza, kwa kuwa mimi niliwahi kuyakataa marashi yake mbele ya watu. Naye aliuliza kabla ya kutoa; mimi sikuuliza kabla ya kukataa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo adabu yote ya marashi.

Basi, ndugu walimu, kijana wa shule akija amejitia waridi kupita kiasi, msimwaibishe mbele ya wenzake. Mwiteni kando, mumfundishe kipimo cha kupeana mkono. Na mkialikwa kwa jirani, na mrashi ukaletwa mbele yenu, ulizeni kama hamjui. Na mkijua kwamba ni karibu ya mgeni, kingeni viganja. Kisha mkirudi nyumbani msizifue nguo zile siku hiyo hiyo.